Kutoka "Langoni" hadi "Getini"

Nyimbo nyingi za siku hizi huanzia kwenye simu. Mahadhi humjia mtunzi akiwa jikoni, ndani ya matatu au akisubiri boda boda, naye huyakamata kabla hayajapotea: hufungua kinasa sauti, huimba "na na na" kwa sekunde kumi na tano, kisha huendelea na alilokuwa akilifanya. Mwaka ukiisha, simu hiyo huwa na vipande chungu nzima visivyo na jina, kila kimoja na tarehe yake tu. Vingi havitakuwa nyimbo kamwe. Hata hivyo hazina ya kweli ya mtunzi imo humo, na mtunzi aliyepoteza simu bila kuhifadhi nakala huomboleza vipande kuliko simu yenyewe.

Hatua inayofuata hutegemea mtu. Katika jadi ya ushairi wa pwani, maneno hutangulia: malenga huandika, mwimbaji akayatafutia mahadhi. Vijana wanaofanya kazi na maprodyuza mara nyingi hufuata njia nyingine. Wao hutumiwa mdundo uliokwisha kupikwa, wakaumwagia sauti zisizo na maana hadi mahali fulani pakawa patamu, ndipo wanapotafuta maneno yatakayokaa katika sauti hizo. Njia zote mbili zimezaa nyimbo nzuri. Tofauti yake huonekana kwenye lugha: wimbo ulioanza na maneno hutaka mdundo usubiri, na ule ulioanza na mdundo hulazimisha maneno yajikunje.

Tuifuate kazi hiyo mahali pamoja. Elgon View ni mtaa wa makazi jijini Eldoret unaojulikana kwa nyumba zenye nyua pana, kuta ndefu na mageti ya chuma. Jina lake limetokana na Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Eldoret yenyewe, ambayo wenyeji bado huiita Sisibo kwa kumbukumbu ya shamba namba 64 ulikoanzia mji, ilipewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Anayesikia jina la Eldoret huwaza wanariadha, halafu mahindi na ngano. Muziki huja nyuma kabisa, ingawa jiji hili ndilo kitovu cha nyimbo za Kikalenjin, na vituo vya redio kama Kass FM na Chamgei FM vimezifikisha nyimbo hizo katika kila kijiji cha Bonde la Ufa chenye betri.

Kwa mtu anayerekodia nyumbani, mtaa wa namna hii una faida moja kubwa, nayo ni utulivu. Faida hiyo ina kasoro zake. Mbwa wa jirani hubweka, soja hukokota geti kila gari linapoingia, na stima ikipotea jenereta za ploti nzima huwaka kwa pamoja. Tena kuna mvua. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya mvua, tangu Machi au Aprili hadi Septemba, mawingu hujikusanya mchana, na alasiri paa hulia kama ngoma. Kwa hiyo sauti hurekodiwa asubuhi, na alasiri huachiwa kazi ya kupanga na kusafisha kilichokwisha kunaswa. Studio ya kwanza ya watunzi wengi ni kabati la nguo lililofunguliwa milango yote miwili, mwimbaji akiimba akielekea ndani, kwa sababu makoti na mablanketi humeza mwangwi ambao ukuta wa saruji huurudisha. Maikrofoni ya kuchomeka kwenye laptop, vipokea sauti vya masikioni na programu ya kurekodi vinatosha kutoa demo ya kumpelekea prodyuza.

Kazi ngumu haimo kwenye vifaa. Imo katika kuyapatanisha mahadhi na lugha, na hapa Kiswahili kina sheria ambayo msikilizaji huihisi hata kama hawezi kuitaja. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "barabara" linaonyesha uzito wa jambo hili. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukisogea hadi silabi ya pili, neno lilo hilo huwa na maana ya sawasawa kabisa. Mahadhi yakirefusha silabi isiyostahili, neno hupinda, na msikilizaji huona kuna mtu anayejitahidi kuimba badala ya kuona anayemwambia jambo.

Chukua mstari uliobuniwa hapa kwa mfano: "Nimekungoja langoni, mvua ikanikuta." Kwa kipimo cha ushairi wa kimapokeo umekamilika. Una mizani nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane katika utao, nusu ya pili, kwa kuwa "mvua" hubeba silabi tatu, ile "m" ikihesabiwa peke yake. Lakini tuseme mahadhi yaliyonaswa kwenye simu yalikuwa yakipanda mwishoni na kukaa juu kwenye noti ya mwisho kabisa. Mwimbaji akiyafuata, atavuta "taaa" ya "ikanikuta", silabi ambayo katika usemi wa kawaida hutamkwa kwa wepesi na kuachwa. Mtunzi ana njia mbili. Anaweza kutafuta neno jingine litakalofunga mstari, au kuyavunja mahadhi kidogo ili noti ndefu itue kwenye "ku" na ile "ta" idondoke chini kama kijiko kilichoachwa mezani. Watunzi wazoefu huchagua njia ya pili mara nyingi zaidi. Huko kushuka kwa mwisho ndiko kunakofanya nyimbo nyingi za Kiswahili zisikike kana kwamba mtu anahema.

Mtunzi wa Eldoret ana kitendawili cha ziada, kwa kuwa huenda anatunga katika lugha mbili zisizofanana hata kidogo. Kinandi, kimojawapo katika kundi la Kikalenjin, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, kiasi kwamba nomino ya mtenda hupewa toni tofauti na nomino ya mtendwa. Mahadhi yanayokwenda kinyume na toni huweza kumwacha msikilizaji akijiuliza nani alimfanyia nani. Kwa hiyo mahadhi yaliyozaliwa na maneno ya Kikalenjin hayahamii Kiswahili bila kushonwa upya, na ya Kiswahili hayaendi upande wa pili vilevile. Wengi huamua kuweka beti kwa Kikalenjin na kiitikio kwa Kiswahili, ili wimbo uimbike hata Langas, mtaa wa watu wa kila kabila, na uvuke hadi Kakamega na Mwanza. Ni uamuzi wa busara, japo si amri. Emmy Kosgei aliimba "Taunet Nelel", yaani mwanzo mpya, kwa Kikalenjin, na wimbo huo ukapendwa na Wakenya wasiojua neno jingine lolote la lugha hiyo.

Zamani kipande kilichofikia hapa kilisubiri. Mtunzi alikimaliza, akatafuta pesa za studio, akarekodi, akapeleka kanda au diski redioni, na jibu la wasikilizaji likaja baada ya miezi, kama lilikuja. Sasa kiitikio hutoka siku hiyohiyo. Mtunzi huketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na gitaa, hurekodi video ya sekunde ishirini na kuitupia TikTok, au huipeleka kwanza kwenye kundi la WhatsApp la watunzi wenzake na wasikilizaji anaowaamini. Makundi hayo yana watu wa aina tatu ambao ni nadra kukaa chumba kimoja: wenye ufundi, wanaoweza kusema gitaa limeteleza kwenye noti gani, majirani wa mtaa na wa lugha, wanaojua kama mtu husema hivyo kweli, na Wakenya walio Ghuba, Marekani na Ulaya, ambao hawana ufundi wowote wa muziki ila wana kiu ya kusikia kwao.

Tuseme kipande chenye "langoni" kimewafikia hao. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wale wa aina ya pili, majirani, watacheka. Elgon View hakuna anayengoja langoni. Watu hungoja getini, huku soja akiwaangalia. "Langoni" limetoka kwenye insha ya shule. Mtunzi huhesabu: "nimekungoja getini" ina mizani nane vilevile, na mkazo hukaa palepale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mahadhi hayaguswi. Kinachobadilika ni picha. Lango ni la ngome, la jiji la kale, hata la peponi. Geti ni la chuma, limepakwa rangi nyeusi, na lina kidirisha kidogo ambacho soja huchungulia kabla ya kufungua. Mapenzi yaliyongojewa hapo ni mapenzi ya mtu anayejulikana, aliyelowa, anayeulizwa na mlinzi anamtaka nani. Neno moja limeleta mhusika wa tatu katika wimbo, na ubeti wa pili umepata pa kuanzia.

Hapo hadhira imefanya kazi inayoiweza. Wasikilizaji wengi kwa pamoja ni wepesi mno wa kunusa neno la uongo. Hawana subira ya heshima waliyo nayo marafiki. Lakini wakiombwa walitengeneze, kila mmoja huvutia kwake. Mmoja hutaka wimbo uwe wa kasi zaidi, mwingine wa ibada, wa tatu hutaka jina la mpenzi wake litajwe. Mtunzi anayejaribu kumtii kila mtu huishia na wimbo usio wa mtu. Desturi nzuri iliyozoeleka miongoni mwa wanaofanya kazi hii kwa dhati ni kuuliza swali moja finyu, kwa mfano "mstari gani mliukumbuka asubuhi?", kisha kufunga simu na kuandika peke yao.

Kutunga huku watu wakisikiliza si jambo lililoletwa na intaneti. Ngoma za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya kiongozi na waitikiaji, na kiongozi ambaye waitikiaji wake wamepoa hubadilisha maneno papo hapo. Unguja, katika miaka ya 1920, nyimbo nyingi za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake zilichotwa kwenye visa vya mji, kesi za mahakamani zikiwamo, na hadhira ilijua vizuri nani anaimbwa. Siti alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, mengi yaliyoingia kwenye santuri yalikuwa yamekwisha kupimwa mbele ya watu wa Ng'ambo, mtaa wa mji huohuo wa Unguja.

Karibu zaidi na Eldoret kuna kisa kinachofaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba nyimbo zilianza kusafiri juzi. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, hakuwahi kufika Kenya, lakini santuri zake zilifika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni za wazungu. Jina lake likatamkwa kwa ulimi wa Kikalenjin likawa Chemirocha, na Chemirocha akawa kiumbe wa nyimbo, nusu mtu nusu swala. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakimwimba kiumbe huyo kwa ala ya nyuzi. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Ikasikika duniani kote, na enzi ya intaneti ilipofika ikawapata wapenzi ambao wasingeweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani. Takriban miaka 65 baada ya kurekodiwa, nakala zilirudishwa Bonde la Ufa kwa ushirikiano wa maktaba hiyo na mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa London. Wimbo ulikuwa umeizunguka dunia muda wa maisha ya mtu mzima, na wenyewe wakiwa hawana hata nakala.

Kilichogeuka sasa ni kasi na upande wa safari. Jukwaa la video fupi halimwonyeshi kazi mfuasi tu. Hukijaribu kipande kwa kikundi kidogo cha watu, hupima waliokitazama hadi mwisho, waliokirudia na waliokituma kwa wenzao, kisha hukisambaza zaidi au hukiacha kife. Kenya ni uwanja mpana wa jaribio hilo: ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka mbele ya nchi nyingine ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok. Mwaka 2022 "Kuna Kuna" ya Vic West na wenzake ilisambaa kwa vipande vya kucheza. Mwaka 2024 "Anguka Nayo" ya Wadagliz, wimbo wa densi, uliimbwa na vijana barabarani katika maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha, ukabeba maana ambayo hakuna prodyuza aliyeipanga.

Athari ya majukwaa hayo kwa utunzi inasikika waziwazi. Utangulizi wa ala umefupishwa au kufutwa, na kiitikio kimeletwa mbele. Sababu moja ni kidole cha msikilizaji kisicho na subira. Nyingine ni hesabu, kwa kuwa Spotify, kwa mfano, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale tu unapofikisha sekunde 30. Kwa mtunzi wa Kikalenjin aliyelelewa na magitaa ya Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, yaliyokuwa yakizunguka kwa raha zake, hili ni jambo la kusikitisha, na masikitiko hayo yana haki. Wapo wanaotoa matoleo mawili: fupi la mtandaoni, na refu ambalo gitaa limeachiwa nafasi yake.

Hadhira ya mbali hufanya pia kazi isiyo ya kimuziki. Mkenya wa Doha huandika tafsiri ya ubeti wa Kikalenjin kwa ajili ya wenzake wa Mombasa. Mwingine hutuma mchango wa M-Pesa wa kulipia prodyuza, na mtunzi mwerevu humrudishia demo kabla ya watu wengine kuisikia. Upande wa pili kuna matusi, hasa kwa wanawake, na kuna wizi. Kiitikio kilichowekwa wazi kabla ya kurekodiwa kinaweza kuchukuliwa jioni na kutolewa na mtu mwingine kabla ya Ijumaa.

Kwa sababu hiyo uandikishaji umekuwa sehemu ya mchakato wa kutunga, hata kama watunzi wengi huuona kuwa kazi ya karani. Hakimiliki ya Kenya hulinda wimbo ulioandikwa au kurekodiwa, wala hailindi wazo lililo kichwani. Kile kinasa sauti chenye tarehe kina kazi ya pili kumbe. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mwenye wimbo apate angalau asilimia 52 ya mapato ya milio ya kuitikia simu, yaani biashara ya namna ya Skiza ya Safaricom. Asilimia hizo hugawanywa tena kati ya mwandishi wa maneno, mtunzi wa mahadhi na prodyuza, na mgawanyo huo ni rahisi kuandikwa siku wimbo ukiwa hauna thamani kuliko siku ulipopata thamani. Ugomvi wa nani hasa alitunga "Malaika", kati ya Fadhili William, aliyeurekodi na kuusambaza, na wengine waliodai ni wao, umedumu hata baada ya William kufariki. Je, aliyependekeza "getini" ni mtunzi mwenza? Kwa kawaida neno moja halitoshi kumpa mtu hisa. Shukrani zinatosha, ikiwezekana kwa kutaja jina lake katika maelezo ya wimbo, kama yeye mwenyewe amekubali.

Baada ya hapo ndipo rekodi ya mwisho hufanywa, mara nyingi katika studio ya mjini, kwa sababu kabati la nguo lina mipaka yake. Mwimbaji huimba kiitikio mara nyingi, wakati mwingine ishirini, na prodyuza aghalabu huchagua moja kati ya zile za mwanzo. Wimbo huandaliwa kwa ajili ya YouTube, Boomplay, Mdundo na majukwaa mengine, hupelekwa redioni, na wale wa kundi la WhatsApp hugundua kwamba ule mstari walioupenda sana haumo, au umo kwa sauti nyingine. Wengine hununa.

Kisha wimbo hurudi kwa miguu yake. Katika koito, sherehe ya posa na mahari ya Wakalenjin, au katika harusi yenye mahema uani Elgon View, shangazi ambaye hajawahi kufungua TikTok huuimba akiwa amebeba sufuria, amejifunza kutoka kwa mjukuu aliyejifunza kutoka kwenye kipande cha sekunde ishirini. Anavuta "ku" ipasavyo na kuidondosha "ta", bila kufundishwa na mtu. Soja naye, aliyesimama kwa kazi yake palepale, huitikia. Ubeti wa pili, uliomhusu yeye na uliochukua wiki tatu kuandikwa, hausikiki: DJ ameshaukata na kurudisha kiitikio.